Mwanga, Kabaka wa Buganda

Kila mwaka, tarehe 3 Juni, Wakristo wengi huenda kuhiji Namugongo, na wengine hutoka huku kwetu Butembo na Beni wakivuka mpaka wa Kasindi. Watoto wa katekismu wajua vema majina ya Karoli Lwanga na Kizito. Lakini jina la Mwanga hulitaja kama wanavyolitaja la Herode, kisha basi. Maisha yake yastahili kusimuliwa yote.

Alizaliwa mwaka 1868, mwana wa Kabaka Mutesa. Baba yake alipofariki Oktoba 1884, alikalia kiti cha ufalme akiwa kijana wa miaka 16 hivi. Wakati huo hakuwachukia Wakristo. Mapadri Weupe walikuwa wameondoka Buganda mwaka 1882. Yeye ndiye aliyewaita warudi, nao wakafika Julai 1885. Mmojawapo, Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alikuwa amezoeana naye tangu zamani.

Kisha hofu ikamwingia. Alisikia kwamba Wajerumani wametwaa nchi za pwani, na wakuu wa baraza wakamwambia kwamba wasomaji wa dini ni watangulizi wa Wazungu hao. Tena vijana wa nyumba yake waliobatizwa walikataa kumtii katika mambo ya uchafu. Oktoba 1885 askofu wa Kianglikana, Hannington, aliuawa Busoga kwa amri yake. Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyemkanya mfalme, aliuawa tarehe 15 Novemba. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto Namugongo. Hata kufika Januari 1887 Wakatoliki 22 walikuwa wamekufa kwa ajili ya imani, na Waanglikana wengi pamoja nao. Papa Paulo VI aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Yaliyofuata hayasimuliwi sana kwetu. Septemba 1888 Waislamu na Wakristo walishirikiana kumwondoa Mwanga. Akakimbia kwa mtumbwi hadi Magu, kusini ya ziwa, akakaa kwa Waarabu, nao wakamtendea vibaya. Mwishowe akaomba kimbilio katika misioni ya Bukumbi, karibu na Mwanza. Mapadri wa misioni hiyo walikuwa ndugu za wale waliowabatiza vijana aliowachoma. Wakampokea. Wala si wao tu. Honorati Nyonyintono, Mkatoliki ambaye mwili wake ulikatwa kwa amri ya Mwanga mwaka 1886, aliwaongoza Wakristo waliokimbilia Ankole, akapigana ili mfalme huyo huyo arudishiwe kiti, akafa vitani mwaka 1889. Mimi huwauliza wanafunzi wangu kama wao wangefanya hivyo, nao hunyamaza.

Mwanga alirudi, lakini nchi ilikuwa imegawanyika. Waganda Wakatoliki waliitwa Wafaransa, Waprotestanti wakaitwa Waingereza, na tarehe 24 Januari 1892 ndugu hao waliuana Mengo, bunduki za Kapteni Lugard zikiwasaidia Waprotestanti. Mfalme, aliyekuwa upande wa Wakatoliki, alikimbia, kisha akarudi na kujiunga na washindi. Hilo si la kumsifu, wala Wakatoliki walioshika silaha siku ile si wa kusifiwa. Wakatoliki walipewa jimbo la Buddu. Huko ndiko kuliko Masaka, ambako Yosefu Kiwanuka aliwekwa kuwa askofu mwaka 1939.

Tarehe 6 Julai 1897 Mwanga aliwaasi Waingereza. Kwa sababu hiyo wako Waganda wanaomhesabu kuwa mtetezi wa nchi yake, na neno lao halikosi ukweli. Alishindwa, na mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka 1, akawekwa mahali pake. Tarehe 9 Aprili 1899 alikamatwa pamoja na Kabalega wa Bunyoro, akapelekwa visiwa vya Shelisheli. Huko alibatizwa na Waanglikana kwa jina la Danieli, akafa mwaka 1903. Mwaka 1910 mwili wake ulirudishwa, ukazikwa Kasubi alikozikwa baba yake. Kutoka hapo hadi Namugongo ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu.