Lady Chesham: Binti wa Philadelphia aliyebeba kura za TANU Nyanda za Juu Kusini

Na Mwandishi Wetu

SEPTEMBA 1958, wapigakura wa Njombe, Makambako, Iringa na Mbeya walitakiwa kuchagua watu watatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kwa upande wa Mzungu, jina ambalo chama cha TANU kiliwaomba waliunge mkono lilikuwa la mjane mwenye shamba, Lady Chesham.

Jina hilo lilikuwa rahisi kumpotosha msikilizaji. Kwa desturi ya Waingereza, mke wa lodi huitwa "Lady", na jina linalofuata ni la cheo cha mumewe. Aliyelisikia kwa mara ya kwanza angeweza kudhani kuwa mama huyo ni Mwingereza wa damu, aliyezaliwa katika kasri na kuletwa Tanganyika na serikali ya nchi yake.

Nasaba yake inasimulia habari nyingine kabisa. Lady Chesham alizaliwa Marekani, ukoo wake ulikuwa na jina la Kiayalandi, na cheo alikipata kwa ndoa akiwa tayari mtu mzima. Habari hiyo ina uzito, kwa kuwa uchaguzi wa mwaka ule ulimgawia kila mgombea kiti kwa kuangalia mababu zake walikuwa nani.

Donoghue wa Philadelphia

Jina lake la kuzaliwa ni Marion Caher Donoghue. Alizaliwa mwaka 1903 katika mji wa Philadelphia, akiwa binti wa Daniel C. Donoghue.

Donoghue ni jina la Kiayalandi, na chimbuko lake ni kusini-magharibi mwa kisiwa hicho, katika nchi ya Munster, hasa wilaya za Kerry na Cork. Ni eneo ambalo kwa karne kadhaa lilitawaliwa na Waingereza, huku sehemu kubwa ya ardhi ikiwa mikononi mwa mabwanyenye na wakulima wenyeji wakiwa wapangaji juu ya udongo wa babu zao.

Kati ya mwaka 1845 na 1852 ugonjwa uliharibu viazi, chakula kikuu cha maskini wa Ayalandi. Takriban watu milioni moja walifariki na wengine wanaofikia milioni moja wakavuka bahari. Philadelphia ilikuwa miongoni mwa miji ya Marekani iliyopokea Waayalandi kwa wingi, na majina ya Munster yakawa ya kawaida katika mitaa yake. Katika mji huo ndimo Marion alimozaliwa, nusu karne baada ya njaa hiyo.

Ukoo wa Cavendish

Mwaka 1938 Marion aliolewa na John Compton Cavendish, Lord Chesham wa nne. Mumewe alizaliwa mwaka 1894, na alirithi cheo mwaka 1907 akiwa bado mtoto, baada ya baba yake kufariki. Marion alikuwa mke wake wa pili.

Ukoo wa Cavendish ni miongoni mwa koo kubwa za Uingereza. Shina lake ni nyumba ya Duke wa Devonshire. Duke wa nne alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 1756 hadi 1757, na mjukuu wake, Charles Cavendish, ndiye aliyepewa cheo cha Lord Chesham wa kwanza mwaka 1858. Makao ya tawi hilo yalikuwa Latimer, katika wilaya ya Buckinghamshire.

Hapa ndipo nasaba za wanandoa hao zinapokutana kwa namna ya kushangaza. Duke huyo wa nne alimwoa Charlotte Boyle, mrithi wa mali nyingi za Ayalandi. Kupitia kwake, nyumba ya Devonshire ilipata ngome ya Lismore na mashamba yake mwaka 1753. Lismore iko Munster, nchi ileile lilikotoka jina la Donoghue. Lord Chesham alikuwa wa uzao wa Charlotte.

Historia ya koo hizo haikuwa ya amani. Mei 6, 1882, Lord Frederick Cavendish, mtoto wa Duke wa saba, aliuawa na wanamapinduzi wa Kiayalandi katika bustani ya Phoenix mjini Dublin, siku aliyowasili kushika wadhifa wa kuisimamia Ayalandi kwa niaba ya serikali ya London. Ndoa ya mwaka 1938 iliunganisha jina la watawaliwa na jina la watawala.

Ardhi ya nyanda za juu

Ndoa hiyo ndiyo iliyomfungulia Marion njia ya Tanganyika. Katika miaka ya 1930 Lord Chesham alikuwa mstari wa mbele katika mpango wa kuwaleta walowezi wa Kiingereza Nyanda za Juu Kusini, katika eneo la Sao Hill, kwenye barabara kuu kati ya Iringa na Makambako.

Wazo la kuwajaza walowezi katika nyanda hizo lilikuwa limetangulia. Mwaka 1925 Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kenya, aliitisha mkutano Tukuyu akiwa na ndoto ya kuunganisha makazi ya Wazungu kutoka Kenya hadi Rhodesia. Mwaka huohuo Wajerumani waliruhusiwa kurejea, na wengi wao wakachukua mashamba katika nyanda hizo. Kwa Waingereza, kuongeza walowezi wao kulikuwa pia njia ya kuwazidi Wajerumani kwa idadi, hadi vita ya mwaka 1939 ilipoleta kukamatwa kwa Wajerumani hao.

Ardhi iliyogombewa haikuwa pori lisilo na wenyewe. Ilikuwa nchi ya Wahehe na Wabena, watu waliokuwa wameonja vita. Wahehe walipigana na Wajerumani chini ya Mkwawa hadi kifo chake mwaka 1898. Septemba 1905, wakati wa Vita ya Majimaji, wapiganaji wa Mbeyela, mtawala wa Wabena, waliishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe.

Chini ya Waingereza, sheria ya ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi mikononi mwa serikali, na mlowezi aliweza kumilikishwa kwa muda wa hadi miaka 99. Njombe kwa upande wake iligeuzwa chimbuko la vibarua. Vijana wa Kibena waliandikishwa na kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, ambako waliitwa manamba. Walowezi walifuata ardhi kusini, nao wenyeji wakasafirishwa kaskazini kutafuta fedha ya kodi.

Binti wa Donoghue alikuwa upande wa wenye shamba. Mababu wa jina lake walijua maana ya kuwa mpangaji katika nchi ya baba zao. Yeye alifika Tanganyika akiwa mke wa bwana shamba.

Kura tatu

Lord Chesham alifariki mwaka 1952 na cheo kikarithiwa na mtoto wa ndoa yake ya kwanza. Mjane wake alibaki Tanganyika.

Mwaka 1954 TANU ilianzishwa. Mwaka 1956 kikaundwa chama cha United Tanganyika Party (UTP) kwa baraka za Gavana Edward Twining, kikitetea mgawanyo sawa wa viti baina ya jamii tatu. Wakati huo Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, na Wazungu wote wa Tanganyika walikuwa takriban 20,000.

Utaratibu wa kura tatu ulijengwa juu ya mgawanyo huo. Isitoshe, mpigakura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa unaotambuliwa. Katika nchi ya manamba, masharti hayo yaliwaacha nje watu wengi mno. Wanachama wengi wa TANU walitaka kuususia uchaguzi, lakini mkutano wa Tabora wa Januari 1958 uliukubali ushauri wa Julius Nyerere wa kushiriki. Uamuzi huo unakumbukwa hadi leo kuwa Uamuzi wa Busara.

Kwa kuwa kila mpigakura alilazimika kumchagua Mzungu, TANU ilihitaji Wazungu wa kuwaunga mkono. Jimbo la Kaskazini ilimpata Derek Bryceson. Nyanda za Juu Kusini ilimpata Lady Chesham. Mpinzani wake hakuwa mtu mdogo: Ivor Bayldon, mwenyekiti wa UTP.

Mjane huyo alishinda. Kiti cha Mwafrika cha jimbo hilo kilikwenda kwa John Mwakangale wa TANU. Kiongozi wa chama kilichoundwa kulinda nafasi ya walowezi aliangushwa na mlowezi, tena kwa kura za Waafrika. UTP haikuinuka tena.

Hata hivyo, ushindi huo ulikuwa na dosari iliyomgusa mshindi mwenyewe. Lady Chesham aliungwa mkono na TANU bila kuweza kuwa mwanachama wake, kwa sababu chama kilikuwa cha Waafrika peke yao hadi kilipofungua milango kwa watu wa rangi zote mwaka 1963.

Uraia

Agosti 1960 TANU ilishinda viti 70 kati ya 71, na Desemba 9, 1961 Tanganyika ikawa huru. Wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika pekee. Nyerere aliwapinga kwa ukali, akashikilia kuwa uraia ufuate utii kwa nchi na si rangi ya ngozi, na muswada ukapita.

Uamuzi huo ulimhusu Lady Chesham moja kwa moja. Alikuwa Mmarekani kwa kuzaliwa, Mwayalandi kwa jina la baba, Mwingereza kwa cheo cha mume. Vyote hivyo alivikuta. Uraia wa Tanganyika aliuchagua mwenyewe.

Akiwa mbunge, sehemu kubwa ya nguvu zake aliielekeza kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaofahamika kwa kifupi CDTF. Mfuko huo, ulioanzishwa mwaka 1962, ulilenga kuwasaidia wananchi wanaojenga kwa kujitolea, hasa kwa kuwapatia vifaa ambavyo nguvu za mikono peke yake haziwezi kuvileta.

Lady Chesham alifariki mwaka 1973, akiwa na umri wa takriban miaka 70. Miaka mitatu baadaye reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi, nayo Makambako, iliyokuwa njia panda ya magari ya Mbeya na Songea, ikawa pia mji wa treni. Mwaka 2012 Njombe ilitangazwa kuwa mkoa unaojitegemea, na Makambako ikawa ndani yake.

Nyaraka zake zimehifadhiwa katika Taasisi ya Borthwick ya Chuo Kikuu cha York, Uingereza. Mwanafunzi wa Njombe anayetaka kusoma juu ya mwanamke aliyewawakilisha babu zake katika Baraza la Kutunga Sheria atazikuta huko, katika nchi ya cheo chake, mbali na jimbo lililompa kura.