Lord Baden-Powell: Mzee Aliyehamia Milimani Nyeri

Watu wengi hupanda kuja huku kwetu Ufipa wakitafuta utulivu. Mtumishi amestaafu Dar es Salaam au Tabora, amechoka na joto na kelele, anakumbuka ubaridi wa huku juu, mashamba ya ulezi na maharage, na jioni za kuota moto. Basi anafunga mizigo yake na kuja kujenga nyumba ndogo. Wengine ni wana wa hapa wanaorudi kwao, wengine ni wageni kabisa. Tunawapokea wote. Lakini pia tunawaona: wako wanaotulia na kunawiri, na wako ambao mwaka haujaisha wameanza kuhangaika, hawajui siku zao wazifanyie nini.

Kwa sababu hiyo tumeonelea tuwasimulie habari za mzee mmoja mashuhuri, Mwanglikana mwenzetu, ambaye naye alihamia milimani uzeeni. Hakuja Ufipa. Alikwenda Nyeri, nchi ya Kenya, mji ulio katika nyanda za juu kama Sumbawanga, maana yote miwili imezidi mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mzee huyo ni Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Vijana wetu wanaovaa skafu shingoni na kusimamia utaratibu siku za sherehe wanalijua jina lake, ingawa si wote wanaojua mwisho wake ulikuwaje.

Alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza na profesa wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Oxford. (Kasisi huyo alipata lawama nyingi kwa kuyakubali mafundisho ya wataalamu wa sayansi wa siku zile, lakini habari hiyo tuiache kwa leo.) Alifariki mwaka 1860, mtoto akiwa na miaka 3 tu, na mama ndiye aliyemlea pamoja na ndugu zake. Shuleni hakuwa hodari sana wa vitabu. Alipenda kutoroka na kuingia kichakani karibu na shule, akanyata kama mwindaji na kupika bila kuonekana moshi na walimu wake.

Mwaka 1876 aliingia jeshini, akapelekwa India na kikosi cha wapanda farasi. Baadaye alitumwa Afrika mara nyingi: nchi ya Wazulu, nchi ya Waashanti, na mwaka 1896 nchi ya Wamatabele, ambayo sasa ni Zimbabwe. Hapa hatuna budi kusema kweli, maana habari za watu wakubwa zikisimuliwa kwa sifa tupu haziwafai Wakristo. Huko Matabele alimtia mbaroni mtemi aitwaye Uwini, akamfikisha mbele ya baraza la kijeshi, na Uwini akapigwa risasi. Baraza la uchunguzi lilimwondolea Baden-Powell hatia. Damu ya mtemi ilikuwa imekwisha kumwagika.

Jina lake lilivuma dunia nzima wakati wa vita vya Makaburu. Alizingirwa katika mji mdogo wa Mafeking, Afrika Kusini, kwa siku 217, tangu Oktoba 1899 hadi tarehe 17 Mei 1900, na hakusalimu amri. Uingereza ilishangilia mno habari hiyo, naye akapandishwa cheo akawa jenerali akiwa na miaka 43. Wasiosifiwa ni Wabarolong, wenyeji wa pale, walioshika silaha kuulinda mji pamoja naye. Tena chakula kilipopungua, Waafrika walipewa kidogo kuliko Wazungu, na baadhi yao walikufa kwa njaa. Wenye kuandika historia wanabishana hadi leo juu ya lawama yake katika jambo hilo.

Huko Mafeking aliona wavulana wakibeba barua na kutumwa huku na huku chini ya mizinga, nao walikuwa waaminifu kuliko watu wazima wengi. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Mwezi Agosti 1907 aliwachukua wavulana kama 20, wana wa matajiri na wana wa wafanyakazi pamoja, akapiga nao kambi katika kisiwa cha Brownsea. Mwaka uliofuata alitoa kitabu cha kufundishia skauti, na kabla hajajua la kufanya, makundi ya wavulana yalikuwa yamejiunda yenyewe nchi nzima. Mwaka 1910 aliacha jeshi. Wasichana nao wakadai nafasi yao, ndipo kikaanza chama cha Girl Guides kwa msaada wa dada yake, Agnes.

Mwaka 1912, akiwa na miaka 55, alimwoa Olave Soames, binti wa miaka 23, waliyekutana naye melini. Mungu aliwajalia watoto 3. Nyumba yao huko Uingereza waliiita Pax Hill, maana yake kilima cha amani, lakini mzee hakuipata amani yenyewe. Barua zilimfuata kila mahali, safari hazikwisha, skauti wa kila taifa walimwita. Mwaka 1920 alichaguliwa kuwa mkuu wa skauti wa dunia nzima, na mwaka 1929 akapewa cheo cha Lord. Mwaka 1937, katika kambi kubwa ya mataifa huko Uholanzi, aliwaaga vijana akiwa na miaka 80, akijua hatakutana nao tena namna ile.

Moyo wake ulikuwa umechoka, na madaktari walimwambia apumzike. Lakini apumzike wapi? Angebaki Uingereza, kila siku mlango ungebishwa hodi. Ndipo akaikumbuka Nyeri. Yeye na mkewe walifika huko mwaka 1935 katika safari zao za kuwatembelea skauti, wakapokewa na Eric Sherbrooke Walker, aliyekuwa karani wake zamani. Bwana huyo alikuwa na hoteli iitwayo Outspan, na nyingine ndogo, Treetops, iliyojengwa juu ya mti ili wageni watazame tembo na vifaru usiku. Mzee aliipenda nchi ile: ubaridi, mito, mlima Kenya ukiwa mbele ya macho asubuhi. Tena mwanawe Peter alikuwa polisi Rhodesia ya Kusini, na binti yake Betty ameolewa na mtumishi wa serikali katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia, jirani zetu hapa. Kwa hiyo kuhamia Afrika kulimsogeza karibu na watoto wake wawili.

Wakajengewa nyumba ndogo katika uwanja wa hoteli, wakahamia mwezi Oktoba 1938. Mzee alikuwa na miaka 81. Nyumba waliiita Paxtu. Kwao ilikuwa ni Pax ya pili, baada ya ile ya Uingereza. Lakini sisi tusemao Kiswahili hatuwezi kulisoma jina hilo bila kusikia amani tu, na hatudhani kwamba mzee aliyependa mchezo wa maneno hakulisikia hivyo pia.

Siku zake za Nyeri zilikuwa za polepole kweli. Hakupanda tena farasi, hakwenda mbali. Aliketi barazani na karatasi na rangi, akachora ndege na wanyama. Alikuwa na kipaji cha ajabu: aliweza kuchora kwa mkono wa kulia na wa kushoto. Hata hivyo hakukaa bure. Alitoa kitabu kimoja juu ya ndege na wanyama wa Afrika mwaka 1938, kingine cha mashauri kwa vijana mwaka 1939, na kingine cha michoro ya Kenya mwaka 1940. Barua aliendelea kuandika. Twaona kwamba hapo ndipo palipo siri ya utulivu wake. Alipunguza kazi hadi ikalingana na nguvu zake, asiiache yote. Wastaafu wetu wanaohangaika, mara nyingi tumewaona ni wale walioacha yote siku moja.

Lakini utulivu ule ulikuwa na upande wa pili, na si haki tuupite. Nyeri ya siku hizo ilikuwa mpakani: huku mashamba ya walowezi wa Kizungu, kule eneo walimobanwa Wagikuyu, wenye nchi. Mwanamume Mwafrika hakutembea kutafuta kazi bila kipande, kilichotiwa katika kijaluba cha bati na kuning'inizwa shingoni. Mzee alipokuwa akichora ndege barazani, Dedan Kimathi alikuwa kijana wa miaka 18 katika wilaya ile ile. Miaka 14 baadaye Nyeri ilikuwa mojawapo ya vitovu vya vita vya Mau Mau, na mwaka 1957 Kimathi alinyongwa. Tena mwaka 1940 alizaliwa huko Ihithe, si mbali na Paxtu, mtoto wa kike aitwaye Wangari, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa kupanda miti. Hatumlaumu mgonjwa wa miaka 81 kwa kutafuta mahali penye hewa safi. Ila twajiuliza kama aliwahi kuuliza ardhi ile ilikuwa ya nani. Kwa skauti nako, alihubiri undugu wa watu wote, lakini mwaka 1936 alipokwenda Afrika Kusini kusuluhisha, alikubali kila rangi iwe na chama chake chini ya shirikisho moja. Undugu wa namna hiyo ni nusu.

Hata amani yenyewe hakuifaidi sana. Hakujatimia mwaka tangu wahamie, Septemba 1939, vita kuu ya pili ilianza Ulaya, na wavulana aliowafundisha kuwa ndugu wa mataifa yote wakapelekwa kupigana wao kwa wao. Moyo wake ulizidi kudhoofu. Aliandaa barua za kuwaaga skauti na Girl Guides, zifunguliwe akiisha kufa, akiwaambia kwamba ameishi maisha ya furaha na kuwasihi wajitahidi kuiacha dunia ikiwa nzuri zaidi kuliko walivyoikuta. Alifariki usingizini tarehe 8 Januari 1941, akiwa na miaka 83. Alikuwa ameishi Paxtu miaka 2 na miezi michache tu.

Alizikwa katika makaburi ya kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Petro, Nyeri, akisindikizwa na askari na skauti. Kaburi lake linaelekea mlima Kenya. Juu ya jiwe kuna alama ya duara lenye nukta katikati, ambayo skauti huiweka njiani kuwajulisha wenzao kwamba mtu amekwisha kwenda nyumbani. Huko London, katika kanisa kuu la Westminster Abbey, waliweka jiwe la kumkumbuka mwaka 1947, lakini mwili ulibaki Nyeri.

Mwaka huo huo wa 1947 mzee mwingine alihamia Paxtu, naye ni Jim Corbett, aliyesifika India kwa kuwinda simba marara wala watu. Aliishi humo na dada yake hadi alipofariki mwaka 1955, akazikwa katika makaburi yale yale ya Mtakatifu Petro. Mama Olave alirudi Uingereza mwaka 1942, akaendelea na kazi ya Girl Guides miaka mingi. Alipofariki mwezi Juni 1977, majivu yake yaliletwa Nyeri, yakawekwa katika kaburi la mumewe.