Mwindaji wa Radi na Sifuri za Nakuru

Wanafunzi wetu wa Nakuru huifahamu rada kwa habari za ndege na vita. Ni nadra waambiwe kwamba Robert Watson-Watt, anayesifiwa kwa kuiasisi, alianza kama mtafiti wa hali ya hewa, na kwamba windo lake la kwanza lilikuwa radi.

Alizaliwa mwaka wa 1892 mjini Brechin, Scotland, akasomea uhandisi Dundee, na mwaka wa 1915 akajiunga na idara ya hali ya hewa ya Uingereza. Marubani wa siku zile waliziogopa dhoruba, na walikuwa na sababu. Kwa kuwa radi hutoa mawimbi ya redio, alitafuta yanakotoka. Kituo kimoja kilimpa upande tu. Ili ajue dhoruba iko wapi, ilimlazimu kuwa na kituo cha pili, mistari miwili ikutane kwenye ramani, kwa mmweko ule ule. Kipimo kilichopoteza upande na saa yake hakikumfaa kitu.

Mwaka wa 1935 serikali ilimwuliza iwapo mawimbi hayo yangeweza kuua. Msaidizi wake, Arnold Wilkins, akapiga hesabu: kuua, hapana, kugundua ndege, naam. (Wilkins, kwa maoni yangu, amenyimwa haki yake.) Tarehe 26 Februari, karibu na Daventry, waliitambua ndege kwa mwangwi wake. Minara iliyojengwa kwa wazo hilo iliilinda Uingereza mwaka wa 1940, naye akatunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1942. Mvua ilipojitokeza kwenye skrini za vita ilihesabiwa kuwa kero. Baadaye kero hiyo ikageuka elimu. Watson-Watt alifariki mwaka wa 1973.

Rada ya mvua huzunguka kwa mwinuko mmoja, kisha huinua uso na kuzunguka tena. Kila mwangwi una upande, mwinuko, umbali, saa na nguvu yake. Katika R, lugha ya takwimu iliyoanzishwa Auckland na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika miaka ya 1990, hayo yote huweza kufungwa pamoja katika obijekti moja, yaani furushi linalobeba vipimo pamoja na jina na mahali pa kituo.

Tuseme rada imesimamishwa Nakuru mjini. Mau iko magharibi, Nyandarua mashariki, Menengai kaskazini. Mwali wa chini hugonga milima na kukomea hapo. Mvua ya mawe yaweza kupukutisha majani chai Kericho huku rada haioni lolote. Mwalimu anayewapa wanafunzi orodha ya nguvu za mwangwi pekee atawafanya waandike sifuri na kutafuta wastani, nao watasema Kericho ni kukavu. Obijekti iliyotunza pembe na umbali hudhihirisha kwamba mwali haukufika huko. Na R ina alama ya kisichojulikana, NA, ambayo si sifuri. Wakazi wa Mai Mahiu, walioshukiwa na maji kutoka miteremko ya Kijabe alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, wanaishi chini ya kingo za namna hiyo hiyo.