Louis Chevrolet: Msee aliyeacha jina kwa mamilioni ya ndai, akafa amesota

Kule Ijara, ng'ombe wa Masalani akipotea akapatikana Hulugho, chapa iliyochomwa ubavuni ndiyo inasema ni wa nani. Sasa cheki stori ya Louis Chevrolet. Jina lake liko kwa mamilioni ya ndai, lakini alikufa bila kumiliki hata nati moja ya hiyo kampuni.

Alizaliwa Krismasi ya 1878, La Chaux-de-Fonds, Uswizi. Familia ikahamia Ufaransa akiwa mtoi, na huko akaanza na baiskeli, kuzitengeneza na kushindana nazo. 1900 akavuka bahari hadi Kanada, kisha Marekani, akipiga kazi ya makanika. Kufikia 1905 alikuwa kwa mbio za magari, akiangusha majina makubwa.

Aliyemwona ni William Durant, mdosi aliyeanzisha General Motors 1908. Alimpa Louis kazi ya kuendesha Buick kwa mashindano. 1910 mabenki yakamng'oa Durant kwa kampuni yake mwenyewe. Ili arudi sokoni, alihitaji jina ambalo mashabiki wanalijua, na Louis alikuwa nalo. Novemba 1911, Chevrolet ikazaliwa Detroit.

Ngori ilianza na ndai ya kwanza, Classic Six. Louis alipenda gari kubwa, lenye nguvu. Bei? Dola 2,150, wakati Ford Model T ilikuwa chini ya dola 700. Durant alitaka gari la mwananchi wa kawaida. Inasemekana hata sigara ziliwakosanisha, mdosi akiona Louis anavuta za watu wa chini. Kabla ya 1916, Louis alikuwa ameuza hisa zake na kuhepa. Jina likabaki.

Halafu ikaja Chevrolet 490, iliyopewa jina la bei yake, dola 490. Iliuzwa balaa! Durant akatumia hisa za Chevrolet kuikamata tena General Motors 1916. Hisa zikapanda, na Louis hakuwa na hata moja.

Yeye na mabrathe zake, Gaston na Arthur, wakaunda magari ya mbio, Frontenac. 1920 Gaston akashinda Indianapolis 500 na gari la Louis. Novemba mwaka huo huo, akafia kwa mbio California. Louis akajaribu injini za ndege, uchumi ukaporomoka 1929. Miaka ya 1930 alirudi Chevrolet, safari hii kama mfanyakazi tu. Ugonjwa ukamlemaza, na 6 Juni 1941 akafa Detroit. Corvette ya 1953 na Impala ya 1958 hakuziona.

Hata General Motors yenyewe ilionja hiyo dawa hapa Kenya. Kiwanda chake cha Nairobi kilifunguliwa 1977, na kikaunganisha malori ya Isuzu, aina inayobeba mizigo na mifugo barabara za Garissa. 2017 ikawauzia Isuzu hisa zake, na jina likatoka kwa geti.

Kwa hivyo msanii ama mchezaji, ukiletewa mkataba, usiangalie tu kama jina lako limeandikwa kubwa. Angalia nani ana hisa. Na usiziuze ukiwa na hasira.