Maisha ya Daktari Livingstone: Mtumishi Aliyeficha Huzuni Yake

Katika toleo hili tunawaletea habari za mtu ambaye jina lake wengi wetu tulilisikia tangu shule ya msingi, lakini mambo ya moyo wake hatukuyasikia kabisa. Akina mama kadhaa wametuomba tuandike kitu juu ya wanaume ambao tangu kuhama nyumbani wamebadilika: mmoja hasemi neno kutwa nzima, mwingine anagombana na kila mtu, mwingine hela yote imekwenda kwenye pombe. Tumefikiri ni afadhali kuanza na mtu wa kale, maana habari za jirani zinauma.

Waliosafiri kutoka Bujumbura kwenda Rumonge wanalijua lile jiwe la Mugere, kilometa kama 12 kutoka mjini, lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na mwaka 1871. Wageni wengi hudhani hapo ndipo watu hao wawili walipokutana. Sivyo. Walikutana Ujiji, upande wa Tanzania, kisha wakapanda mtumbwi wakaja kwetu wakifuata pwani ya mashariki. Kwa hiyo kabla ya kufika Mugere walipita Rumonge, wakapita Magara, pale ambapo wengi wetu tulijifunza kuvua ndagala na mikeke. Mzee aliyekaa katika mtumbwi ule alikuwa na umri wa miaka 58, meno mengi yamemtoka, na siku chache tu kabla ya hapo alikuwa karibu kukata tamaa kabisa.

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland, katika familia maskini iliyoishi chumba kimoja. Alipokuwa na miaka 10 aliingizwa kiwanda cha pamba. Alifanya kazi tangu saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, na baada ya hapo akaenda darasani. Huko alijifunza jambo ambalo lilimsaidia na kumwumiza maisha yake yote: kwamba mwanamume hachoki, na akichoka hasemi. Alisoma udaktari, akabarikiwa kuwa mmisionari, na mwaka 1841 akafika Afrika Kusini. Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari wa Kuruman.

Safari zake zinajulikana, hatutazirudia zote. Alivuka bara kutoka Luanda hadi Quelimane, akafika maporomoko ya Mosi-oa-Tunya mwaka 1855, akarudi Uingereza mwaka 1856 akiwa shujaa. Kitabu chake cha mwaka 1857 kilinunuliwa na maelfu ya watu. Lakini nyuma ya sifa hizo kuna habari ya mama mmoja ambayo familia zetu zitaielewa upesi. Mwaka 1852 Livingstone alimpandisha Mary melini pamoja na watoto wanne, akawapeleka Uingereza yeye akabaki. Mary hakuwa na nyumba ya kudumu huko. Alihama huku na huku, fedha haikutosha, na mume wake hakuonekana kwa zaidi ya miaka 4. Hatuoni sababu ya kuficha jambo hili kwa kuwa mtu huyu anaheshimiwa makanisani.

Mwaka 1858 alirudi akiwa kiongozi wa msafara wa serikali katika mto Zambezi. Hapo ndipo ugonjwa wake ulipoonekana kwa wenzake, ingawa hawakujua kuuita ugonjwa. Alikuwa ameahidi kwamba meli zitapanda mto ule hadi ndani ya bara. Walipofika Cabora Bassa wakakuta mto umejaa miamba na maji yanayoruka. Mpango wote ulivunjika. Livingstone hakukubali. Siku nyingi alinyamaza asiseme na mtu, kisha hasira ikamlipukia yeyote aliyekuwa karibu. Mchoraji Thomas Baines, aliyekuwa mgonjwa wa homa, alifukuzwa kwa kosa la wizi ambalo watu wengi waliona hakulitenda. Mtaalamu wa mawe Richard Thornton naye akafukuzwa. Daktari John Kirk, mtu mpole aliyemvumilia miaka mingi, alifikia kuandika katika daftari lake kwamba huenda kiongozi wao amepotewa na akili. Mwaka 1978 mwandishi Oliver Ransford, ambaye naye alikuwa daktari, alitoa kitabu kizima akieleza kwamba Livingstone alikuwa na ugonjwa wa moyo kupanda na kushuka: majuma ya nguvu nyingi kupita kiasi, kisha majuma ya giza.

Tusimame hapa kidogo. Ugonjwa huu hospitalini kwa Kiswahili huitwa sonona, na kwa Kirundi wengi husema akabonge. Kwa mwanamume mara nyingi hauonekani kama kilio. Wazee wetu walisema machozi ya mwanamume hutiririka kuelekea tumboni, na kweli huko tumboni hayakauki. Hutoka kwa njia nyingine: ukali nyumbani, pombe, kukosa usingizi, kuumwa kichwa na mgongo bila ugonjwa kupatikana, kufanya kazi kama mtu anayekimbizwa, au kukaa tu mbele ya nyumba tangu asubuhi. Mke anaona mume amekuwa mbaya. Wazee wa kanisa wanaona ameasi, wanamtenga. Wote wanaona moshi, moto hawauoni. Ni jambo la kutisha pia kwamba, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, wanaume wanaojiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Mambo haya hayapo kwa wazungu tu.

Turudi kwa Livingstone. Mary alimfuata Zambezi, na tarehe 27 Aprili 1862 akafa kwa homa huko Shupanga. Mtu yule ambaye watu walidhani ana moyo wa jiwe alilia kama mtoto, na usiku katika daftari lake akakiri kwamba kwa mara ya kwanza maishani yuko tayari kufa. Mchana hakusema hivyo kwa mtu. Baada ya majuma machache alikuwa kazini tena, mkali kuliko kwanza. Kisha ikaja habari ya mtoto wake wa kwanza, Robert. Kijana huyo alikuja Afrika Kusini kumtafuta baba yake asimpate. Mwishowe akafika Marekani, akaingia jeshini kwa jina la uongo asije akaliaibisha jina la baba, akatekwa, akafa gerezani Salisbury mwezi wa Desemba 1864 akiwa na miaka 18. Baba aliyetoa barua nyingi sana duniani hakupata nafasi ya kupatana na mtoto huyo.

Safari yake ya mwisho ilianza mwaka 1866. Aliondoka pwani na watu kama 60, wengi wakamwacha au wakafa njiani. Januari 1867 sanduku lake la dawa likaibiwa, naye akaona kama amesomewa hukumu ya kifo. Alifika Ujiji Machi 1869 akakuta mali iliyotumwa kwake imeporwa. Aliandika barua kama 40 kwenda pwani, karibu zote zikapotea. Aliyewahi kungojea jina lake kwenye orodha ambayo haibandikwi anajua hali hiyo.

Akavuka ziwa kwenda Manyema, sehemu ya Kongo ya leo. Huko Bambarre vidonda vya miguu vilimfunga ndani miezi mingi. Katika Manyema aliisoma Biblia yote mara nne. Tunalisema hili kwa sababu wako ndugu wanaoamini kwamba anayesoma Neno hawezi kupatwa na giza la moyo. Mtu huyu alisoma mara nne, na giza likakaa. Eliya naye chini ya mretemu hakuwa mpagani.

Tarehe 5 Februari 1871, akiwa Bambarre, alimwandikia rafiki yake Horace Waller. Karatasi na wino vilikuwa vimemwishia, na maandishi yake ya siku zile yalififia hata hayakusomeka. Mwaka 2010 wataalamu waliitoa barua hiyo gizani kwa kupiga picha kwa mianga ya namna mbalimbali. Ndipo ikajulikana alichomwambia rafiki yake: kwamba amechakaa vibaya sana, amekuwa mzee asiye na meno, na ana shaka kama wataonana tena. Na katikati ya maneno hayo akaomba habari hiyo isisomwe na mtu mwingine ila Waller peke yake. Dunia nzima ilikuwa ikiuliza Livingstone yuko wapi, na alichokuwa akiogopa ni watu kujua hali yake.

Miezi mitano baadaye, tarehe 15 Julai 1871, alikuwa Nyangwe siku ya soko. Watu wa wafanyabiashara ya watumwa walifyatua bunduki katikati ya umati, wengi wao wanawake waliokuja kuuza samaki na muhogo. Wauaji wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni. Livingstone aliona yote. Kilichomfuata tangu siku hiyo, wale wa kwetu waliokimbia mwaka 1972, 1993 na 2015 hawahitaji kuelezwa. Alirudi Ujiji Oktoba akiwa mgonjwa na amekonda mno. Akakuta tena mali yake imeuzwa yote na mtu aliyekabidhiwa kuitunza. Akajiona kama yule msafiri wa kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, ila hakuona Msamaria kokote njiani.

Siku chache baadaye Henry Stanley akafika. Kukutana kwao kunasimuliwa kila mahali, nasi tunakuruka. Sisi tunataka kutazama yaliyofuata, maana ndiyo yenye kufaa. Stanley alileta mfuko wa barua, zikiwemo za watoto wake. Alileta habari za miaka mingi, akakaa na mzee siku baada ya siku wakizungumza. Livingstone, aliyekuwa akila mara mbili kwa siku bila kuonja ladha, akaanza kula mara nne. Nguvu zikarudi. Kisha kijana akapendekeza kazi: waende wote kaskazini mwa ziwa watazame kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Tarehe 16 Novemba wakaondoka Ujiji.

Ndiyo safari iliyopita mbele ya Magara. Haikuwa ya raha tupu: walidaiwa hongo, usiku mmoja vitu vyao viliibiwa mtumbwini. Stanley alishikwa na homa, na mzee ambaye majuma machache nyuma alikuwa akihurumiwa ndiye aliyemwuguza kwa upole mwingi. Stanley mwenyewe alikuwa na lake. Alizaliwa nje ya ndoa, akalelewa katika nyumba ya maskini huko Wales, na jambo hilo alilificha. Alimpenda mzee yule kama baba aliyemkosa. Walikuta Rusizi unaingia ziwani, wakarudi Ujiji tarehe 13 Desemba.

Tukitazama yaliyomwinua mtu huyu, hatuoni hotuba wala makaripio. Ni chakula, barua za watoto, mtu wa kuzungumza naye asiye na haraka, kazi ndogo yenye mwisho unaoonekana, na mgonjwa mwingine wa kumhudumia. Mambo hayo yanawezekana hata hapa makazini. Kwa hiyo mama, usimwulize mzee wako mbele ya watoto kwa nini amekuwa mvivu. Mtafutie rafiki yake mmoja atembee naye. Wazee wa kanisa, kabla ya kumtenga mlevi, ulizeni analala saa ngapi. Na anayesema amechoka kuishi, au anayeanza kugawa vitu vyake na kuaga, asiachwe peke yake. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Siku hizi zipo dawa na wapo washauri, mambo ambayo Livingstone hakuyapata. Maombi yaendelee, na dawa imezwe.

Maana yeye hakupona kabisa. Stanley alimsihi waende wote Uingereza, akakataa. Waliagana karibu na Tabora tarehe 14 Machi 1872. Agosti alianza tena safari, akaingia mabwawa ya Bangweulu wakati wa mvua, huku akitokwa na damu. Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, watu wake walimkuta amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda.

Susi na Chuma pamoja na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba miezi mingi hadi Bagamoyo. Ulizikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Mwaka huo huo Susi na Chuma wakapelekwa Uingereza, wakakaa na yule yule Horace Waller aliyekuwa akitayarisha kitabu cha safari ya mwisho. Mahali ambapo daftari lilikuwa limenyamaza, kwa sababu mzee hakuweza tena kushika kalamu, wao wawili ndio waliomweleza Waller jinsi siku zile zilivyopita.