Imamu Nawawi na hesabu ya saa zake

Ni watoto wachache wa pwani yetu waliopitia madrasa bila ya kulisikia jina la Imamu Nawawi. Kitabu chake cha Arbaini ni katika vitabu vya mwanzo vya hadithi anavyotiwa mwanafunzi mkononi. Riyadhu Salihina husomwa misikitini baada ya sala. Minhaji nayo ni nguzo ya fikihi ya Kishafii, ambayo masheikh na makadhi wetu wameitegemea kwa miaka mingi. Lakini aghalabu twavijua vitabu kuliko tunavyomjua aliyevitunga. La ajabu zaidi ni kwamba mtu huyu alifariki akiwa na umri wa miaka 44 tu. Je, saa za kuandika yote hayo alizipata wapi?

Jina lake ni Yahya bin Sharaf. Alizaliwa mwaka wa 631 wa Hijra, yaani 1233, katika kijiji cha Nawa, kusini ya Damascus katika nchi ya Sham. Baba yake alikuwa mtu mwema mwenye duka. Imesimuliwa kwamba Yahya alipokuwa na umri wa kama miaka kumi, watoto wenzake walikuwa wakimlazimisha kucheza, naye akiwakimbia huku akilia na kusoma Kurani. Baba alipomweka dukani, biashara haikumshughulisha na msahafu wake. Sheikh mmoja aliyemwona katika hali hiyo alimwendea mwalimu wake akamuusia amtunze, na baba naye akaipokea nasaha. Kijana alihitimu Kurani akiwa anakaribia kubaleghe.

Mwaka wa 1251, akiwa na miaka kama kumi na minane, baba yake alimpeleka Damascus. Huko alipata chumba kidogo katika madrasa ya Rawahiya, na chakula chake kikawa ule mkate waliokuwa wakigawiwa wanafunzi. Kwa miezi minne na nusu tu alikihifadhi kitabu kizima cha fikihi kiitwacho Tanbihi, na katika sehemu iliyobaki ya mwaka huo akahifadhi robo ya kitabu kikubwa zaidi, Muhadhabu. Mwalimu wake, Sheikh Ishaq al-Maghribi, alipoiona bidii yake alimpenda sana, akamfanya kuwa ndiye wa kuwarudilia wenzake masomo katika halaka.

Hapo ndipo ilipojengeka ile desturi iliyomfanya Nawawi kuwa Nawawi. Kila siku alikuwa akisoma darasa kumi na mbili mbele ya masheikh mbalimbali: fikihi, hadithi, nahau, sarufi, lugha, usuli na habari za wapokezi wa hadithi. Mtu anaweza kuhudhuria darasa nyingi na asipate kitu, kama mwenye kuteka maji kwa pakacha. Nawawi hakuwa hivyo. Kila somo aliliandikia maelezo yake: palipokuwa na ugumu aliufafanua, penye ibara yenye utata aliiweka wazi, na penye neno la kutatiza alilitia irabu. Somo halikuachwa mpaka limeandikwa. Hata njiani, akitoka kwa sheikh huyu kwenda kwa yule, alikuwa akirudia aliyoyahifadhi au akiangalia maandishi yake. Alidumu hivyo muda wa miaka sita, kisha ndipo akaanza kutunga.

Wala asidhani mtu kwamba aliishi katika zama za raha. Mwaka wa 1258 Wamongoli waliibomoa Baghdad, na mwaka wa 1260 wakaingia Damascus yenyewe, kabla ya kushindwa na majeshi ya Misri huko Ain Jalut mwaka huo huo. Lau angengoja dunia itulie ndipo ashike kalamu, asingeandika hata ukurasa mmoja.

Jambo la pili tunalojifunza kwake ni kujua la kuacha. Imesimuliwa kwamba wakati mmoja alitamani kusoma elimu ya tiba, akanunua kitabu cha Kanuni cha Ibn Sina. Moyo wake ukaingia giza, na kwa siku kadhaa akashindwa kufanya kazi yoyote. Alipotafakari akaona kwamba jambo hilo ndilo lililomvuruga, akakiuza kitabu na kukitoa chumbani kila kilichohusu tiba. Tiba ni elimu yenye heshima, na Waislamu waliitumikia kwa karne nyingi. Lakini haikuwa kazi yake yeye. Wangapi miongoni mwetu twashika mambo matano kwa wakati mmoja, na jioni ikifika hatuna hata moja lililokamilika?

Maisha yake yalikuwa ya uchache mno. Akila mara moja kwa siku, baada ya sala ya Isha. Matunda ya Damascus hakuyala, kwa kuwa mashamba mengi ya huko yalikuwa ya wakfu na ya mayatima, naye akichelea kuingia katika haki ya mtu. Hakuoa. Yasemwa kwamba kwa muda wa miaka miwili hakuulaza ubavu wake chini, bali usingizi ukimzidi aliegemea vitabu kidogo kisha akazinduka. Hapa lazima tuseme kweli: si kila mtu amewajibika kufuata njia hiyo. Dini yetu imetufundisha kwamba mwili una haki yake, na mke na watoto wana haki yao. La kuiga kwake ni ile hesabu aliyokuwa akiifanya ya saa zake, si njaa wala kukesha.

Matunda ya hesabu hiyo tunayo mikononi. Arbaini aliimaliza mwaka wa 668 wa Hijra, Minhaji mwaka wa 669, na Riyadhu Salihina mwaka wa 670. Vitabu vitatu, miaka mitatu, naye wakati huo huo alikuwa mkuu wa Darul Hadithi Ashrafiya, cheo alichokishika mwaka wa 665. Mshahara wa cheo hicho hakuuchukua. Akitosheka na kidogo alicholetewa na wazazi wake kutoka kijijini.

Uchache huo ulikuwa na faida ambayo mtu huenda asiitambue mara moja. Sultani Baybars, aliyewashinda maadui wengi, alipowabana watu wa Damascus kwa kodi na kutaka kuyashika mashamba yao, Nawawi alimwandikia barua kumkataza dhulma. Majibu yalikuja ya ukali na vitisho, naye hakurudi nyuma. Imesimuliwa kwamba sultani aliamuru akatiwe mishahara yake na avuliwe vyeo vyake, akaambiwa kwamba mtu huyu hana mshahara wowote anaoupokea. Basi atamkata nini? Mtu aliyeitawala siku yake na tumbo lake alikuwa mgumu kutawaliwa ulimi wake.

Mwaka wa 1277 aliona kwamba safari yake imekaribia. Alivirudisha vitabu vyote vya wakfu alivyoviazima, akayazuru makaburi ya masheikh zake, akawaaga rafiki zake, akenda kuzuru Baitul Makdis, kisha akarejea Nawa kwa wazazi wake. Huko aliugua, na katika mwezi wa Rajabu mwaka wa 676 wa Hijra akafariki dunia. Mezani kwake iliachwa kazi yake kubwa kuliko zote, Majmuu, sherehe ya Muhadhabu, aliyokuwa ameifikisha kwenye mlango wa riba. Wanazuoni waliomfuata ndio walioiendeleza.

Nasi wa leo twalalamika kwamba siku ni fupi. Lakini sala tano zimekwisha kutugawia siku mafungu kwa mafungu, na baina ya Alfajiri na kuchomoza kwa jua, au baina ya Magharibi na Isha, kuna nafasi ambayo wengi wetu twaimaliza barazani. Mwanafunzi akiandika somo lake kila siku kabla ya kulala, au fundi akimaliza kazi moja kabla ya kupokea nyingine, atakuwa ameishika ncha ya kamba aliyoishika kijana yule wa Nawa. Kitabu chake cha Arbaini chaanza na hadithi ya nia, na mwanafunzi anayekifungua leo Mombasa au Lamu hukutana na nia hiyo kabla ya jambo jingine lolote. Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Nawawi, na atubarikie sisi katika saa zetu.