Wilberforce na neno kukomesha

Ndugu wanafunzi, katika somo la historia tunasikia kwamba Wilberforce alikomesha utumwa. Lakini kukomesha nini, na tangu siku gani? Maisha yake yalipita katikati ya maulizo haya mawili.

William Wilberforce alizaliwa mwaka 1759 katika mji wa Hull, Uingereza, mtoto wa mfanyabiashara tajiri. Alipokuwa na miaka 21 akaingia katika bunge. Mwanzoni alipenda karamu na karata. Kisha, kuelekea 1785, akageuka na kumfuata Kristo kwa kweli. Tangu 1787 akajitia katika kazi moja: kukomesha biashara ya watumwa, ile ya merikebu zilizobeba Waafrika mpaka visiwa vya Karibi.

Mwaka 1791 bunge likamkatalia. Mwaka 1792 akarudi. Safari hii mutu mmoja mwenye uwezo, Henry Dundas, hakukataa. Alikubali, lakini akaongeza neno moja tu: pole pole. Wajumbe 230 wakaitika, 85 wakakataa. Kumbe ile neno ndogo njo iliua kazi yote! Merikebu zikaendelea kubeba watu miaka 15 tena.

Mwaka 1807 akashinda, kura 283 kwa 16. Wengi wakafurahi sana. Lakini kilichokomeshwa ni biashara, si utumwa. Mutu aliyelala mtumwa kule Jamaica, kesho yake aliamka mtumwa vile vile, na watoto wake pia.

Mwaka 1823 chama kipya kikaanzishwa juu ya kukomesha utumwa wenyewe, na Wilberforce alikuwa kati ya wakubwa wake. Ajabu ni hii: katika jina la chama waliandika lile neno pole pole lililomshinda zamani! Mwaka 1824 mwanamke mmoja, Elizabeth Heyrick, akatoa kitabu kidogo cha kuwapinga: utumwa ukomeshwe mara moja. Wakubwa hawakumsikia upesi. Mpaka 1830 ndipo chama kikaondosha neno lile.

Tarehe 26 Julai 1833 ikawa hakika kwamba sheria itapita katika bunge. Wilberforce alikuwa mgonjwa; habari ikamfikia, na nyuma ya siku tatu akafa. Watumwa wakangoja hata 1834, na wengi wakalazimishwa kutumika bila mshahara kwa mabwana wale wale mpaka 1838. Mabwana walilipwa paundi milioni 20. Watumwa, hata senti moja.

Basi, rafiki, ukisikia kwamba jambo fulani linakomeshwa, usipige makofi mbio. Uliza kwanza: ni nini, na tangu lini?